Siku ya Tatu au ya Tano

Wengi wanaokwenda kwa madaktari kutafuta mtoto huomba mtoto tu. Akitoka wa kike, heri. Akitoka wa kiume, heri. Wenye tamaa ndio huomba pacha. Mimi niliomba asiwe wa kiume. Niliomba kanisani, niliomba ndani ya treni, niliomba nimelala kwenye kitanda chembamba cha kliniki huku daktari akiwasha taa, na kila nilipoomba niliona aibu, kwa sababu nawajua wanawake ambao wangempokea mtoto yeyote mradi analia.

Sababu yangu ni damu, na nitaieleza sasa hivi ili asitokee wa kunihukumu kabla ya kusikia. Mimi si mtu wa subira, na sipendi msimulizi anayeficha jambo mpaka mwisho.

Nilikuwa na kaka mmoja. Tulizaliwa katika kijiji kisicho mbali na bwawa la Hombolo, kwenye nyumba ambayo mama yangu bado anaishi. Kaka alikuwa mtoto wa kuvimba. Akianguka kidogo, goti linajaa. Akipigwa na mpira, paja linakuwa jeusi wiki nzima. Jino lake la utoto lilipong'oka alitema damu mchana kutwa, na mama akamkalisha mlangoni na kitambaa mdomoni, akimwimbia ili asilie, maana alijua akilia damu inazidi. Mama mwenyewe aliwahi kuwa na mdogo wake wa kiume, akafa utotoni kwa jembe lililomparua mguu, kidonda ambacho mtoto mwingine angekisahau kabla ya jioni. Kijijini walisema ukoo wa mama una damu nyepesi. Hilo ndilo lilikuwa jina la ugonjwa, na dawa yake ilikuwa kukaa chini na kutazama wenzako wakicheza.

Jando nalo halimsubiri mtu. Kwetu wavulana walitahiriwa wakati wa kipupwe, mtama ukishavunwa, upepo ule wa baridi unapopasua midomo. Mama aliomba kaka angojewe mwaka mmoja. Baba hakuwa mkatili; alimjibu tu kwamba wenzake wote wanaingia, na akibaki peke yake atachekwa mpaka uzeeni. Mama akamfulia shuka.

Desturi ya kijijini kwetu wakati ule ilikuwa hivi. Wavulana wakishaingia kumbini, huko porini ng'ambo ya korongo, mwanamke hakanyagi. Kazi ya mama ni kupika na kutuma chakula. Na habari za kumbini hazitoki: mtoto akiugua, akizidiwa, hata akifa, wanaume wanamzika huko huko, na mama yake hataambiwa mpaka siku wenzake watakapotolewa. Walisema ni kwa ajili ya wale waliobaki, nyimbo zisikatike, na mama wengine wasiingiwe na wazimu wakavamia kumbi. Mpaka siku hiyo mama wa marehemu anaendelea kupika kama wenzake.

Chakula cha kaka nilikipeleka mimi. Nilikuwa msichana mdogo, na wasichana wadogo waliruhusiwa kufika ukingoni mwa korongo. Bakuli letu lilikuwa la bati, lenye ua jekundu ndani, kwenye kitako, na mama alilijaza ugali wa uwele na mlenda, siku nyingine maziwa ya mgando. Mlezi wa kumbi alikuja upande wa pili, akalichukua, akanirudishia la jana. Lilirudi tupu. Kila siku lilirudi tupu, limefutwa kwa kidole, na kitu cha kwanza alichofanya mama nikifika uani ni kutazama ndani.

"Amekula chote," aliwaambia majirani.

Kaka hakuwa mlaji. Nyumbani alikuwa anagombezwa kwa kubakiza. Mama akasema baridi ya porini imemfungua tumbo, na akaanza kuongeza ugali, akawa anabana wetu ili bakuli lile lijae mpaka ukingoni. Nakumbuka alivyokuwa na furaha kipupwe kile. Alikuwa anaimba akitwanga.

Siku ya kutolewa, wavulana walikuja wamepakwa mafuta, wamefungwa shuka mpya, wanaimba. Mama alisimama mstarini na shuka ya kaka mikononi. Mlezi alipita mbele ya wanawake wengine, akafika kwake, akampa bakuli letu. Alimpa limepinduliwa, ua jekundu likitazama mikono yake, mdomo wa bakuli ukitazama chini. Mama alielewa kabla yangu. Kaka alitokwa na damu tangu siku ya kisu na hakumaliza hata wiki. Kipupwe kizima nilikuwa nikiwapelekea chakula watoto wa watu.

Mimi nimemchukia mlezi yule mpaka leo, na amekwisha kufa. Najua alifuata desturi. Namchukia hivyo hivyo.

Nilipata jina halisi la damu nyepesi nikiwa mtu mzima, tayari nimeajiriwa kama mkutubi kwenye maktaba ya chuo kikuu huko Chimwaga. Niling'olewa jino mjini, damu ikagoma kukatika. Nililazwa. Daktari aliyenihudumia alikuwa mtu wa kuuliza, akauliza kuhusu ndugu zangu, na nilipomwambia habari za kaka na mjomba aliacha kuandika. Damu yangu ikapelekwa kupimwa mbali. Majibu yaliporudi alinikalisha akanieleza taratibu: ni ugonjwa wa damu kutoganda, himofilia, na unapita kwa wanawake na kuwaangukia wanaume. Mimi ninaubeba. Kila mtoto wa kiume nitakayemzaa, nusu kwa nusu, atakuwa kama kaka. Akasema siku hizi zipo sindano za kusaidia damu kuganda, watu wanaishi nao. Akaongeza na jambo kuhusu watoto wa kike, lakini mimi nilikuwa nimeshasikia nilichokisikia. Nilitoka pale nikaenda kukaa kwenye ngazi za hospitali, na nilichokiona mbele yangu si sindano. Niliona bakuli.

Mwanamume aliyetaka kunioa nilimwambia yote kabla hajatuma posa. Yeye ni mpima ardhi, mwenyeji wa Busi kule Kondoa, mtu wa maneno machache na kicheko cha karibu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi tutazaa wasichana." Nilimpenda kwa jibu lile na nilikasirika nalo pia, maana alilitamka kana kwamba watoto wanaagizwa dukani.

Tukaoana, na hatukuzaa wasichana wala wavulana. Miaka ilipita. Mama mkwe, mwanamke mchangamfu anayependa kunitania, alikuja kutoka Busi na dawa za mizizi, akarudi, akaja na nyingine. Nilipomweleza habari za damu yangu alipunga mkono.

"Damu ya kwetu nzito, mwanangu. Itaifunika hiyo yako. Wewe niletee mjukuu wa kiume, mengine niachie mimi."

Mwishowe vipimo vikasema mirija yangu ya uzazi imeziba yote miwili. Njia iliyobaki ni kuyatoa mayai, kuyakutanisha na mbegu za mume wangu maabara, kisha kupandikiza. Kliniki tuliyoelekezwa ilikuwa Dar es Salaam, na tukaanza safari za treni, asubuhi tunaondoka, jioni ya kesho yake tunarudi na mfuko wa sindano kwenye barafu.

Sasa, mwenye ugonjwa anayefanya kazi maktaba ni mgonjwa mara mbili. Wanafunzi wa udaktari huja kwangu kuomba niwatafutie tafiti, na siku moja mmoja wao alitaka zinazohusu uzazi wa maabara na jinsia ya watoto. Nilimtafutia. Alipoondoka nilibaki nazisoma mimi, nimesimama, mpaka mwenzangu akaniuliza kama kuna nini.

Nilichoelewa ni hiki. Viinitete, yaani mayai yaliyokwisha kutungishwa, vikipandikizwa mapema, siku ya tatu, watoto wanaozaliwa hukaribia kulingana, wa kike na wa kiume. Vikiachwa maabara mpaka siku ya tano ndipo vichaguliwe, wavulana huzidi kidogo. Baadhi ya wataalamu wanadhani vya kiume hukua kwa haraka kidogo, na anayechagua huchagua kilichotangulia, basi bila kukusudia anachagua mvulana. Na kuna njia ya kuidunga mbegu moja ndani ya yai kwa sindano. Hiyo nayo huonekana kuwaongeza wasichana kidogo. Kila mahali palikuwa na neno "kidogo". Mimi sikuliona. Mwenye njaa akionyeshwa punje haulizi gunia liko wapi.

Nilianza kwa kuiomba ile sindano. Daktari wetu, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, alisema mbegu za mume wangu ni nzima, zina mbio, hakuna sababu ya kuzidunga. Nikakubali. Mayai yakatolewa, yakakutanishwa, na asubuhi ya siku ya tatu tukaitwa.

"Vinne vinaendelea vizuri, dada yangu," alisema. "Ushauri wangu tuviache mpaka siku ya tano. Kitakachofika huko ndicho chenye nguvu, na mimba hushika kwa urahisi zaidi."

"Naomba tupandikize leo."

Alinitazama. "Kwa nini leo?"

Nikamweleza nilichosoma, na nikamkumbusha damu yangu, ambayo ilikuwa kwenye faili lake tangu siku ya kwanza.

"Ulichosoma kipo, sitakudanganya," alisema. "Lakini ni tofauti ndogo, inayoonekana ukihesabu watoto maelfu kwa maelfu. Kwa mwanamke mmoja aliyekaa mbele yangu haisemi kitu. Unataka kupunguza nafasi yako ya kushika mimba kwa ajili ya hicho?"

"Katika hivyo vinne, vya kiume ni vipi?"

"Kwa darubini hakuna anayeweza kujua. Kipimo cha kuvichungulia ndani hapa hatuna, na kwingine mpaka msafiri nje ya nchi. Nendeni mkazungumze, mimi niko hapa."

Tulizungumzia kwenye korido, karibu na tangi la maji ya kunywa. Mume wangu hakuwahi kunipandishia sauti, na hata siku ile hakupandisha.

"Tumesubiri miaka mingi, mke wangu. Daktari anasema tano, wewe unasema tatu. Mimi nataka mtoto. Wewe unamkimbia mtu ambaye hata hajafika."

"Wewe hukubeba lile bakuli."

Neno lile nilimpiga nalo kwa makusudi. Watu husema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ni kweli, lakini husemwa kwa kumcheka mwoga, kana kwamba nyoka walikwisha wote. Mimi sikuwa naogopa ung'ongo. Nilikuwa naogopa nyoka yule yule, na nilijua alipolala: alilala ndani yangu.

Mume wangu alichukua kikombe, akanywa maji, akakitupa. "Haya," alisema. "Leo."

Wakapandikiza kimoja. Vitatu vikabaki maabara kuendelea. Tulikuwa tumerudi Dodoma muuguzi alipopiga simu, sauti yake imejaa bashasha. Viwili vimesimama njiani, alisema, lakini kimoja kimefika siku ya tano, kizuri ajabu, wamekigandisha, kitatungoja. Nilimshukuru, nikakata simu. Kimoja kilichofika. Kilichotangulia wenzake. Nilijua mbio hizo maana yake ni mvulana, au nilidhani najua, na kwa woga hilo ni jambo moja.

Mimba ikashika.

Ningependa kusema nilifurahi. Nilifurahi kama mtu anayecheka huku ameshika mlango usifunguke. Niliacha kupika na kisu kikali. Nilisafisha nyumba nikiondoa kila chenye ncha, na mtoto hakuwa amefika hata ukubwa wa embe. Kwenye kipimo cha picha, fundi wa mashine aliuliza kama tunataka kujua jinsia. Mume wangu akanitazama, nikatikisa kichwa. Kama angesema wa kiume, ningebaki na miezi mitano ya kuishi na jibu, na nilijifahamu, nisingeiweza. Madaktari niliwaomba wajiandae kana kwamba ni wa kiume, na walijiandaa: wasimvute kwa chombo, damu ya kitovu ichukuliwe ikapimwe.

Mama mkwe alikuja kukaa nasi. Alilitazama tumbo langu kwa ubavu, akalizunguka.

"Tumbo la mbele hili, limechongoka. Huyu ni babu yao amerudi."

Alikuwa ananipa zawadi. Sikuweza kumchukia, ila kila alipolisema nilikwenda chooni nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mpaka moyo utulie. Mtoto akicheza tumboni, mama wengine huweka mkono wakatabasamu. Mimi nilisema naye kwa sauti ya chini. Nilimwambia, tafadhali. Sikumalizia sentensi, kwa sababu kama alikuwa mvulana angesikia kwamba mama yake hamtaki, na haikuwa kweli. Nilimtaka mno. Ningempenda kama kaka, na hilo ndilo lililonitisha.

Alizaliwa asubuhi, wa kike.

Mkunga alimnyanyua nikaona, nikalia kwa sauti kiasi kwamba mwanamke wa kitanda cha pili alidhani nimefiwa. Mume wangu alicheka machozi yakimtiririka. Kwenye simu daktari wetu alisema, "Hongera sana, dada yangu," na nilipomshukuru kwa siku ya tatu alisema kwamba bahati ni bahati, tusiipe jina la kitaalamu. Sikumjali. Nilijua nilichokifanya. Nilikuwa nimemzunguka nyoka.

Mama mkwe alimpokea mjukuu wake kwa heshima zote. "Wa kike ni mwanzo mwema," alisema akimfunga kanga. "Atamwita mdogo wake."

Kisha mama yangu akafika kutoka Hombolo. Habari za maabara nilikuwa nimemweleza mapema, na hazikumshangaza; alisema ni kama pingili za zabibu, huoteshwa kwanza kwenye viriba vya miche kisha zikapelekwa shambani. Aliingia, akapokea shikamoo zetu, akanawa mikono, akampakata mtoto. Akaifunua kanga akatazama. Nilingoja vigelegele. Mama mkwe alikuwa tayari ameshaweka ulimi, anamngoja mwenzake aanze.

Mama aliifunika kanga.

"Na huyu?" aliniuliza. "Anayo?"

"Mama, ni wa kike," nilisema. "Wa kike hawaugui hivyo."

"Najua ni wa kike. Hata mimi ni wa kike. Hata wewe."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekuambia mvua imenyesha. Na papo hapo nikamsikia yule daktari wa siku ya jino, miaka mingi nyuma, akimalizia sentensi ambayo sikuisikiliza: kwamba binti wa mbebaji naye, nusu kwa nusu, atabeba. Nilikuwa nimesoma tafiti nikiwa nimesimama, nikapigania siku mbili za maabara kama mtu anayepigania shamba, na nikasahau kwamba damu ile haikunifikia mimi kupitia kwa mwanamume yeyote. Ilinifikia kupitia kwa mama. Miaka yote niliogopa mtoto wa kiume, na aliyeileta mpaka kwangu alikuwa mtoto wa kike aliyepokewa kwa furaha.

Vigelegele alivipiga mama mkwe peke yake. Ile damu ya kitovu walishaichukua, lakini nilipoulizwa kama tuipeleke kipimo cha kubeba, nilisema bado. Daktari wa watoto alikubali, akasema kisiachwe mpaka awe mkubwa, maana hata wabebaji wengine hutokwa damu kupita kiasi. Mimi na jino langu ni ushahidi. Binti yangu sasa anakwenda mwaka wa nne na bado sijampeleka. Kila mwezi nasema mwezi ujao. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, lakini mimi nakimbia na mtoto mgongoni na sijui ninampeleka wapi.

Kile kiinitete kilichogandishwa bado kipo Dar es Salaam kwenye baridi yao. Kliniki hutuuliza mara moja moja tumeamua nini. Mume wangu hanisukumi, husema tu, "Ukiwa tayari." Mama mkwe yeye hajui kungoja. Amemfundisha binti yangu kwamba ana mdogo wake wa kiume, yuko mbali, anakuja, na anapenda kula. Nilimkataza, akacheka.

"Mtoto huitwa, mwanangu. Asipoitwa atajuaje njia?"

Mwezi uliopita nilimpeleka binti yangu kwa mama, Hombolo. Ilikuwa kipupwe, mtama umevunwa, upepo ule ule. Mimi na mama tulikaa uani tukichambua mlenda. Mtoto alikuwa anacheza mapishi karibu na mizabibu, anapika mchanga kwenye kopo la maziwa. Nilikuwa namtazama magoti, kama ninavyomtazama kila siku, nikitafuta weusi. Akakoroga, akaonja kwa kujifanya, akalijaza kopo mpaka ukingoni, akalibeba kwa mikono miwili akapita nyuma ya mizabibu, akapotea upande wa korongo.

Nilitaka kumwita. Badala yake niliendelea kuchambua mlenda.

Alirudi anakimbia, akalipindua kopo mbele ya bibi yake ili aone.

"Bibi, nimempelekea mdogo wangu chakula. Amekula chote."

Mikono ya mama ilisimama juu ya ungo. Nilimwona akitazama ndani ya kopo lile, kama alivyokuwa akitazama zamani, kitu cha kwanza nikifika uani. Nilimwambia mtoto akacheze kwingine, sauti yangu ikatoka kali kuliko nilivyotaka, akaanza kulia. Mama hakunisikia. Aliuweka ungo chini, akashika goti lake akainuka, akajifunga kanga kiunoni.

"Mama, unakwenda wapi?"

Alipita kwenye mizabibu akielekea korongoni, mwanamke mzee anayetembea haraka, mahali ambapo kipupwe kile kizima hakuna aliyemruhusu kukanyaga. Nilimpakata binti yangu nikasimama naye pale pale, kifua chake kikidunda juu ya changu. Mama alifika ukingoni, akashuka, nikawa naona kichwa chake tu, kikigeuka huku na huku. Alikaa huko muda mrefu.

Aliporudi miguu yake ilikuwa imejaa vumbi mpaka magotini. Akakaa, akauvuta ungo, akaendelea kuchambua.

"Nimetazama," alisema. "Hakuna mtu."

Kisha akanyoosha mikono akamchukua mtoto kutoka kwangu, akamfuta machozi kwa ncha ya kanga, na akaniambia nimpeleke akapimwe wiki hiyo hiyo, yeye atakuja tufuatane, na safari hii hatabaki nyumbani kungoja habari.